UZI: Datsun 240Z ya Safari 1971, skeli ya 1/24: kujenga, kupaka na kuchafua kwa mpangilio

#1 Fundi_Skeli

Wadau, uzi huu ni wa gari moja tu: Datsun 240Z nyekundu, namba 11, ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971. Hasegawa, kampuni ya modeli ya Japani, wameitoa kama seti ya kujenga kwa skeli ya 1/24. Nimeichagua kwa sababu udongo uliolichafua gari hili uko nje ya milango yetu, na bado modeli zake nyingi zinachafuliwa kwa unga wa rangi ya jangwa la mbali. Mashindano yalifanyika Pasaka, masika yakikaribia au yakiwa yameshaanza, kwa hiyo gari moja lilikutana na vumbi kavu na tope bichi ndani ya siku chache. Hilo ndilo la kuonyesha, na lina mpangilio wake: kipi kilitangulia, kipi kikafuata, na kila kimoja kilirushwa na nini.

Anzeni na hesabu. Gari halisi lina urefu wa mita 4.1 hivi, modeli inakuja sentimita 17. Gawanya kila kitu kwa 24. Tope lililoganda unene wa sentimita 5 ndani ya madigadi ni milimita 2 kwenye modeli. Mchubuko wa rangi wa milimita 5 unakuwa milimita 0.2, yaani ncha ya sindano. Geuza upande wa pili: chembe ya mchanga ya nusu milimita, ambayo mezani unaiona ndogo sana, kwenye modeli ni kokoto ya milimita 12. Kokoto ya ukubwa huo hainati ubavuni mwa mlango. Modeli nyingi za rali zinaharibika hapo, rangi yake ikiwa safi kabisa.

Maandalizi ya bodi. Osha fremu zote za vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana plastiki inatoka kiwandani na mafuta ya kuitenganishia na umbo. Mistari ya umbo hupita juu ya madigadi na pembeni mwa paa. Iondoe kwa msasa namba 400, kisha 600, malizia na 1000, wa maji. Kabla ya praima, zamisha mistari ya milango na boneti kwa mgongo wa kisu, mara 3 au 4 bila kukandamiza. Praima, rangi, vanishi vyote vinaingia mle mle, na mstari ambao haukuzamishwa mwishoni huwa kivuli tu. Halafu jaribu kupachika bodi kwenye chesisi kabla ya kupaka chochote. Ikibana sasa hivi, ikishapakwa itapasua rangi ukingoni.

Rangi nitaiweka post inayofuata. Maswali yanakaribishwa.

#2 Msasa_1000

Mkuu nashukuru kwa kuanza na hesabu. Nyongeza moja kuhusu picha za rejea: gari lenyewe lipo kwenye hifadhi ya Nissan huko Zama, Japani, na lilifanyiwa ukarabati mwaka 2013. Picha za rangi zinazopatikana kirahisi ni za baada ya ukarabati huo. Zitumie kwa umbo, mahali pa taa, mahali pa stika. Kwa uchafu tafuta picha za 1971, hata kama ni za rangi nyeusi na nyeupe. Picha ya aina hiyo inaonyesha vizuri mpaka kati ya eneo lililopauka na lililobaki na mng'ao, na mpaka huo ndio unaotafuta.

#3 Fundi_Skeli

Sahihi kabisa. Sasa rangi.

Nyekundu ni rangi nyembamba, haifuniki. Inachukua sura ya kilichopo chini yake. Juu ya praima ya kijivu, TS-8, nyekundu ya kopo ya Tamiya, inakuwa kama damu iliyokauka. Juu ya praima nyeupe inachangamka. Juu ya praima ya pinki inajaa haraka na kingo hazipauki. Chagua moja na utumie hiyo hiyo kwa bodi, vioo vya pembeni na kila kipande chekundu kilichojitenga, la sivyo utapata nyekundu mbili kwenye gari moja.

Kopo likae kwenye maji ya uvuguvugu ya kama nyuzi 40 kwa dakika 5, lisichemshwe kamwe. Puliza kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, ni ukungu tu, praima ionekane bado. Subiri dakika 10. Wa pili vilevile. Wa tatu ndio wa kulowesha, na anza kupuliza nje ya bodi, pita, malizia nje ya bodi. Kingo za madigadi na ncha za milango zipulizwe kwanza kabisa, kwa sababu rangi inakimbia kingo kali na kujikusanya kwenye bapa. Ukianza na bapa utajikuta unaongeza rangi kutafuta kingo, na bapa linatiririka.

Acha siku 3 kabla ya kuziba na tepu. Harufu ndiyo kipimo: ukiweka pua karibu na bado inanukia thina, haijakauka ndani.

Boneti ni nyeusi isiyong'aa, ya kuzuia mwanga wa jua usirudi machoni pa dereva. Wengi wanatumia TS-6, nyeusi iliyofifia ya kopo. Mimi siikubali hapa. Nyeusi iliyofifia kabisa kwenye skeli inakuwa kama ubao wa darasani, na vumbi ukiliweka juu yake haliachi tofauti. Tumia TS-29, yenye mng'ao nusu, kisha vumbi lenyewe ndilo liififishe.

#4 Pwani_Modeli

Swali kutoka ukanda wa pwani. Rangi ya kopo ikikauka inabaki na ukungu mweupe juu, hasa nyeusi na vanishi. Si vumbi, haifutiki. Tatizo ni kopo au hewa?

#5 Rangi_ya_Gari

Ni hewa, ndugu. Thina inapokauka kwa kasi inapoozesha uso wa rangi, na unyevu ulioko hewani unaganda pale pale kama umande kwenye chupa ya soda baridi. Maji yananaswa ndani ya rangi, unaona weupe. Unyevu ukipita asilimia 75 hivi, tegemea hilo.

Dawa ni kupuliza saa ya mchana mkavu, mara nyingi saa 7 hadi saa 9, badala ya asubuhi au usiku. Mikono iwe myembamba zaidi. Ukiwa na eabrashi, bunduki ndogo ya kupulizia rangi kwa hewa, ongeza thina inayokauka taratibu, sehemu 1 kwa kila 10 ya thina ya kawaida. Na usipulize siku ya mvua hata ukiwa ndani ya nyumba.

Ikishatokea, usikimbilie msasa. Puliza ukungu mwepesi wa thina ya taratibu juu yake, siku kavu. Rangi inafunguka kidogo, maji yanatoka, weupe unaondoka. Ikishindikana ndipo msasa namba 2000 na rangi upya.

Jambo la pili ambalo wengi watauliza: makopo ya rangi ya kupuliza hayasafirishwi kwa barua ya ndege, ni bidhaa hatari. Rangi za magari zinazochanganywa kwenye maduka ya spea, Gerezani au Kirinyaga Road, zinafaa, lakini thina yake ni kali kwa plastiki ya modeli. Ikilowa moja kwa moja, plastiki inapasuka nyufa ndogo ndogo kama tope la bwawa lililokauka. Praima kwanza, mikono 3 ya ukungu mkavu, kaa siku 2, ndipo rangi, nayo mkono wa kwanza uwe ukungu. Jaribu kwenye kijiko cha plastiki kwanza, ukijua kuwa kijiko kinaweza kuwa cha plastiki tofauti. Kipande cha fremu ya seti yenyewe ndicho kipimo cha kweli.

#6 Kibano

Naongeza hapo: usikaushe modeli juu ya dashibodi ya gari lililopaki juani, hata kama rafiki yako amekuambia ni oveni ya bure. Plastiki hii inaanza kulegea joto likizidi nyuzi 60 na kitu, na dashibodi juani inafika huko. Paa linazama kidogo tu, lakini kioo cha mbele hakiingii tena. Sanduku lenye balbu ndogo, likipimwa na kipimajoto lisizidi 45, linatosha.

#7 Fundi_Skeli

Stika za maji. Ziwekwe juu ya uso unaong'aa. Kwenye uso uliofifia, hewa inabaki kwenye vishimo chini ya karatasi na unaona rangi ya fedha imejitokeza pembeni mwa namba. Nyekundu yetu tayari inang'aa, kwa hiyo mlangoni hakuna shida, ila boneti inahitaji mkono mmoja wa vanishi ya kung'aa pale tu stika inapokaa.

Kata stika moja moja, usiloweshe ukurasa mzima. Sekunde 15 ndani ya maji ya uvuguvugu, itoe, iache juu ya kitambaa dakika 1, gundi ifunguke yenyewe. Weka tone la maji ya stika ya aina laini mahali inapokwenda, isukume kutoka kwenye karatasi kwa brashi, usiivute kwa kibano. Duara jeupe la namba 11 linapita kwenye mkunjo wa mlango, kwa hiyo stika za Hasegawa, ambazo huwa nene, zinataka joto: pamba ya masikioni iliyochovywa kwenye maji ya moto, ibingirishe kutoka katikati kwenda nje. Ndipo dawa kali ya kulainishia. Ikishapakwa, stika itakunjamana kama ngozi ya maziwa. Usiiguse. Inajinyoosha yenyewe ikikauka. Wanaoharibu ni wale wanaoigusa dakika ya tatu.

Ikikauka siku nzima, kata stika kwa kisu kipya kwenye mstari wa mlango, weka dawa tena ishuke ndani.

Vanishi ya juu ya kung'aa, TS-13: mikono 2 ya ukungu mkavu kwanza. Ukiilowesha moja kwa moja inayeyusha stika, wino unaogelea.

#8 Mgeni_Modeli

Kwani tunahitaji vanishi ya kung'aa ilhali gari tunakwenda kulichafua? Si tupige isiyong'aa moja kwa moja, unga unate vizuri?

#9 Fundi_Skeli

Swali zuri na ndilo linalotenganisha modeli mbili. Vumbi juu ya gari jekundu linaonekana ni vumbi kwa sababu chini yake kuna mng'ao. Ukififisha bodi yote, hutapata gari lenye vumbi, utapata gari lililopauka. Angalia gari lolote linalotoka safari ya vumbi: pale mkono wa mtu ulipogusa mlango, au begi lilipokwaruza, mng'ao unachungulia. Kwa hiyo bodi nyekundu ing'ae yote, na ufifi uje na vumbi lenyewe, mahali lilipo vumbi tu.

#10 Msasa_1000

Kabla ya uchafu, mistari. Maji ya rangi ya enameli, yaani rangi ya mafuta iliyozimuliwa sana, kwenye mistari ya milango: kwa bodi nyekundu tumia kahawia iliyokolea, si nyeusi. Nyeusi kwenye nyekundu inakata gari vipande vipande kama katuni.

Enameli haidhuru rangi ya TS wala akriliki ikishakauka, na ndiyo maana tunaitumia: ukikosea unafuta kwa tapentaini, chini kunabaki salama. Lakini kuna mtego. Ikipenya mahali pasipo na rangi, kwa mfano ndani ya tundu la skrubu au kwenye ekseli iliyobanwa, thina yake inaingia kwenye plastiki iliyo kwenye mkazo na inaivunja. Unaona mkono wa springi umekatika wenyewe usiku. Kwa hiyo chini ya chesisi pakwe rangi kamili, kila kona, na usimwage. Gusa kwa ncha ya brashi, iache ikimbie yenyewe kwenye mstari.

Mafuta ya taa badala ya tapentaini? Yanayeyusha, lakini yanaacha utando wa mafuta, unga haunati baadaye. Bora tapentaini ya kuchorea picha.

#11 Udongo_Mwekundu

Nimesubiri hapa. Unga wa rangi wa kununua ni mzuri, ila sisi tunao udongo wenyewe. Gari hili ukitaka liwe la upande wa Voi na Taita, udongo wa Voi upo. Tatizo lake ni chembe, kama #1 alivyosema. Kuchekecha kwa soksi ya nailoni hakutoshi, soksi inapitisha chembe ambazo kwenye skeli ni changarawe. Tumieni maji.

Chukua vijiko 3 vya chakula vya udongo mkavu uliopondwa. Tia kwenye chupa ya jemu ya kioo, jaza maji hadi kimo cha sentimita 10, tone 1 tu la sabuni ya vyombo ili chembe zisishikamane. Tikisa dakika 1. Weka chini, hesabu dakika 2 kamili bila kuigusa. Chembe nzito zinashuka. Baada ya dakika 2, mimina maji mekundu ya juu kwenye chombo kingine, taratibu, acha sentimita 2 za mwisho pamoja na kilichotuama. Ulichomimina kina chembe za chini ya mikroni 30 (milimita 0.03) au hapo hapo. Zidisha kwa 24, ni milimita 0.7. Hilo sasa ni vumbi.

Acha usiku mzima. Asubuhi maji ya juu yanakuwa karibu safi, yamwage, tope la chini litandaze kwenye sahani. Likikauka litapasuka vigae, visage kwa mgongo wa kijiko. Vijiko 3 vinatoa kama kijiko 1 cha unga, na kijiko 1 kinatosha magari matano. Kilichobaki kwenye chupa ya kwanza usitupe, ni mchanga wa kuwekea chini ya gari kama unatengeneza kipande cha barabara.

Kabla ya hayo yote, choma udongo kwenye kikaango kikavu dakika 20, moto mdogo. Mizizi na vijidudu vikibaki, modeli ikifungwa kwenye sanduku la kioo inaota ukungu.

#12 Rangi_ya_Gari

Hii ni elimu. Swali: udongo ukishapakwa na kufungwa na gundi unakuwa mweusi kuliko ulivyokuwa kwenye sahani. Unafanyaje?

#13 Udongo_Mwekundu

Ndiyo, ukilowa unakolea na gundi inaufanya ubaki kama umelowa. Punguza makali mapema: sehemu 2 za udongo kwa sehemu 1 ya chaki nyeupe laini iliyosagwa. Kwenye sahani utaonekana umepauka mno, kwenye gari utakuwa sawa. Na kwenye skeli hata hivyo rangi zote zinatakiwa zipauke kidogo, kwa sababu gari halisi unaliangalia ukiwa mbali na hewa iko katikati.

Msichanganye udongo wa sehemu mbili. Mwekundu wa Voi ni mmoja, vumbi la kijivu la Bonde la Ufa kuelekea Suswa ni jingine, tope jeusi la mfinyanzi ni la tatu. Gari linaweza kubeba yote matatu, lakini kwa tabaka: la kwanza liko chini na limebaki pembeni na ndani ya madigadi, la mwisho liko juu na limerushwa. Ukichanganya kwenye sahani unapata kahawia isiyo ya mahali popote.

Na oksaidi nyekundu ya sakafu, ile ya kupaka saruji, msiitumie peke yake. Ni laini sana kweli, lakini inatia doa. Ikigusa stika nyeupe haitoki. Sehemu 1 kwa 10 ya chaki, na mwisho kabisa.

#14 Kibano

Nani anaweka kutu? Nimeona modeli ya gari hili yenye kutu kwenye madigadi, na inasifiwa. Naomba maoni.

#15 Fundi_Skeli

Hapana kutu, Kibano. Gari la kiwanda lililoandaliwa kwa mashindano lina miezi michache tangu litoke, linapakwa vizuri, linakimbia siku chache. Hakuna muda wa kutu ya kula bati. Mchubuko mpya unaonyesha praima, na ukiwa wa kina unaonyesha bati lenyewe, fedha iliyofifia. Kutu ya juu juu inawezekana kwenye ekzosi na kwenye diski za breki zilizolowa usiku, basi. Ukiweka kutu mlangoni umelifanya gari la shambani la miaka 20.

Michubuko iko wapi? Ukingo wa mbele wa madigadi ya nyuma, chini ya milango nyuma ya gurudumu la mbele, na pua ya gari. Mawe yanarushwa na tairi la mbele kwenda nyuma. Chukua kipande cha sponji ya kuoshea vyombo ukubwa wa punje ya mahindi, rangi ya praima kidogo, ifute kwenye karatasi mpaka iwe karibu imekauka, kisha gusa. Vidoa 20 hadi 30 kila upande vinatosha. Ukifika 100, gari limepigwa risasi.

#16 Kibano

Nimekupata. Sasa tuje tope.

#17 Udongo_Mwekundu

Vumbi kwanza, tope baadaye.

Vumbi: unga wa kwenye #13, kijiko kimoja cha chai ndani ya mililita 30 za tapentaini, kwenye kikombe. Kwa brashi pana, lowesha sehemu ya chini ya bodi, kuanzia usawa wa katikati ya magurudumu kushuka. Ikiwa bichi haionekani kitu. Dakika 15 ikikauka inatokea yote kwa ghafla, kwa hiyo usiongeze kabla haijakauka. Halafu chukua brashi safi yenye unyevu wa tapentaini tu na vuta kutoka juu kwenda chini kupunguza. Mlango unachafuka kidogo kuliko madigadi, paa kidogo kuliko boneti.

Nyuma ya gari hili ni habari nyingine. Mgongo wa 240Z unateremka na kukatika ghafla, na pale nyuma hewa inazunguka na kunyonya vumbi. Kwa hiyo uso wa nyuma, taa, kibao cha namba, vyote vinafunikwa sawasawa, kwa ukungu, bila mwelekeo wa marusho. Hapo usitumie brashi. Tumia eabrashi na akriliki za Tamiya, XF-57 (rangi ya mchanga) iliyochanganywa na XF-64 (kahawia nyekundu), 4 kwa 1, thina asilimia 80, hewa kidogo, umbali wa sentimita 8. Halafu futa taa kwa pamba yenye unyevu, kama fundi alivyozifuta kwenye kituo cha huduma. Taa zilizofutwa kwenye nyuma iliyofunikwa vumbi zinasema mengi.

Tope: unga wa udongo vijiko 2 vya chai, jasi ya kuzibia kuta kijiko 1, gundi nyeupe ya mbao matone 10, maji mpaka iwe kama uji wa mtoto. Weka ndani ya madigadi na chini ya chesisi kwa brashi kuukuu, ukigonga gonga. Tabaka la kwanza lililopauka. Likikauka, la pili lenye udongo uliokolea, dogo zaidi, katikati ya la kwanza. Tope bichi huwa limezungukwa na tope kavu.

Marusho ya ubavuni: uji huo huo uongezwe maji mpaka uwe kama maziwa. Chovya brashi ngumu, iweke sentimita 3 mbele ya mdomo wa eabrashi isiyo na rangi, puliza hewa. Ziba kwa karatasi kila mahali usipotaka. Mwelekeo ni muhimu kuliko kiasi: kutoka gurudumu kwenda nyuma na juu, pembe ya kama nyuzi 30. Gari linaendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, yanazunguka bure kwenye utelezi, kwa hiyo tope zito liko nyuma ya gurudumu la nyuma na kwenye bampa la nyuma. Mlango unapata la gurudumu la mbele tu.

#18 Pwani_Modeli

Langu limepasuka nyufa likikauka na vipande vinadondoka.

#19 Udongo_Mwekundu

Maji mengi kuliko gundi, au tabaka nene kuliko milimita 1 kwa mara moja. Jasi inashika, udongo unasinyaa. Weka milimita moja, siku nzima, kisha nyingine. Vilevile uso ulikuwa unang'aa mno pale ndani ya madigadi. Hapo pekee ndipo pa kukwaruza kwa msasa namba 400 kabla.

Vilivyodondoka virudishe. Tone la gundi iliyozimuliwa kwa maji, 1 kwa 3, kwa ncha ya brashi pembeni mwa kipande, itapenya chini yenyewe.

#20 Mgeni_Modeli

Vioo na waipa? Napata weupe kama moshi ndani ya kioo nikishabandika.

#21 Msasa_1000

Umetumia supaglu. Mvuke wake unatua kwenye kioo na kuganda. Vioo vyote vibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao, ikikauka inakuwa angavu. Kilichokwisha kuwa cheupe, kama kipo upande wa nje, kisugue kwa dawa ya meno kwa kitambaa laini. Cha ndani kinafutika mara chache bila kung'oa kioo.

Upinde wa waipa: kata tepu kwa umbo la njia ya waipa, pinde mbili zinazopishana, zibandike kwenye kioo, puliza vumbi la #17 kwa eabrashi, ondoa tepu ikiwa bado ina unyevu kidogo. Kisha ukingoni mwa upinde, pale waipa inaposukumia tope, weka mstari mwembamba wa udongo uliokolea kwa kijiti cha meno. Mstari huo ukiusahau, upinde unaonekana umekatwa na mkasi. Kioo cha nyuma cha gari hili kinakaa kimefunikwa vumbi kikamilifu, na ndivyo kinavyotakiwa.

#22 Rangi_ya_Gari

Matairi yasisahaulike. Ni ya plastiki laini, na mafuta yanayoilainisha yanatoka taratibu miaka inavyopita. Yakigusa rimu tupu yanaiyeyusha, unakuta rimu imenatana na tairi na kubonyea. Paka rimu rangi kamili pamoja na ukingo wa ndani, kisha mkono wa gundi nyeupe pale zinapogusana. Na usipake rangi ya enameli kwenye tairi: haitakauka, itabaki inanata mwaka mzima. Akriliki isiyong'aa ndiyo salama.

Sugua sehemu inayokanyaga chini kwa msasa namba 320 iondoke mng'ao na mstari wa umbo. Unga ubaki kwenye mifereji na ubavuni. Sehemu inayogusa barabara iwe safi zaidi kidogo, maana tairi linajisafisha likizunguka.

#23 Pwani_Modeli

La mwisho kwangu: nikishamaliza nipulize vanishi isiyong'aa juu ili unga usitoke?

#24 Udongo_Mwekundu

Usipulize. Vanishi inalowesha chembe, zinakuwa angavu na nusu ya vumbi lako inapotea mbele ya macho, na mng'ao wote uliolindwa tangu #9 unakufa. Vumbi la tapentaini lililokauka linashika lenyewe vya kutosha kama modeli haiguswi. Penye unga mwingi, ndani ya madigadi na chini, gusisha brashi yenye tapentaini au dawa ya kushikia unga pembeni mwa unga, uache unga uinywe wenyewe taratibu. Usiweke tone juu yake, litaacha duara.

Shika modeli kwa skrubu ndefu iliyofungwa chini ya chesisi tangu mwanzo wa kuchafua, si kwa bodi. Alama ya kidole kwenye vumbi haizibiki kwa kuongeza vumbi juu yake. Inabidi ufute kipande hicho chote kwa tapentaini, hadi mstari wa mlango, na kukirudia.

#25 Fundi_Skeli

Naomba wenye seti mezani waweke picha ya chini ya chesisi kabla ya tope, tuone kama rangi imefika kila kona kama #10 alivyosema. Pale springi ya nyuma inapokutana na chesisi pigeni picha ya karibu, maana ndipo panapokatika zaidi.